Mikebe ya Kaa Mwekundu

Mpaka leo nikimwona mtu mzima anainama kuchungulia chini ya jiwe, anatafuta kitu alichofichiwa makusudi na mtu mzima mwenzake, damu hunichemka. Nasikia siku hizi mchezo huo umeenea dunia nzima. Watu wanaongozwa na setilaiti mpaka kichakani, wanaandika majina yao kwenye kijidaftari, wanarudi nyumbani wamefurahi. Haya, wafurahi. Mimi niliwahi kuwa mfichaji kabla hizo setilaiti hazijatufikia, na mtu asiniulize kama nilifurahi.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya zile vurugu za pwani ya kusini. Hoteli za Diani zilikuwa tupu. Wafanyakazi walirudishwa makwao kwa makundi, na sisi tuliobaki tulibaki vibarua. Mimi nilikuwa idara ya burudani, kazi yangu kupanga viti vya wapiga ngoma na kutia upepo mipira ya wageni. Kibarua maana yake leo upo, kesho unafika getini askari anakwambia jina lako halimo. Na jina langu lilikuwa lazima liwemo, kwa sababu nilikuwa naishi ukweni.

Ndiyo, ukweni. Chumba changu pale Mwabungo kiliangushwa na mvua, nikamchukua mke wangu na mwanangu tukahamia uani kwa baba yake. Tulisema wiki mbili. Ukafika mwaka. Mama mkwe wangu hakuwa na neno baya hata moja, na laiti angekuwa nalo, ningemjibu tukamalizana. Yeye alikuwa akinipakulia mimi kwanza, mbele ya wanawe wa kiume, ananitilia kipande kikubwa cha samaki, halafu ananiuliza kwa upole, "Baba, kazini wamesemaje?" Kila siku ya Mungu. Swali lile lilikuwa linanikwaruza roho, wallahi, na samaki hapiti kooni.

Basi bosi wetu wa burudani, kijana wa bara aliyekuwa hajamaliza hata mwaka pwani, akaniita ofisini. Tulikuwa vibarua wawili, mimi na mwenzangu mmoja mwenye mwandiko mzuri, ambaye kwa sababu ya mwandiko huo alikuwa hatoki chini ya feni.

"Buda," bosi akasema, "wageni wamechoka na beach. Tutawapeleka hill, kule Kwale."

"Kilimani kuna nini, bosi?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana tunaweka."

Akanieleza. Tutaficha mikebe sita kando ya njia ya miguu. Ndani ya kila mkebe kuna daftari, kalamu ya risasi na vikorokoro: kifungo, kombe la baharini, pete ya funguo. Mgeni anapewa karatasi ya vitendawili inayomwelekeza mahali. Akiuona mkebe anaandika jina lake, anachukua kikorokoro kimoja, anaacha kingine, anaurudisha palepale alipoutoa. Kila mkebe ulibandikwa picha ya kaa mwekundu, alama ya hoteli yetu.

"Hii kitu ikishika, kuna nafasi moja ya kudumu," bosi akasema. "Nakuandika wewe. Ikianguka, nakutoa."

Mwenzangu akawa wa kutunga vitendawili. Mimi nikawa wa kupanda mlima.

Mimi ni mtu wa mchangani. Nimezaliwa mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi. Ile njia inaanzia nyuma ya mji wa Kwale, inashuka ukingo wa kilima hadi kwenye miti mikubwa, inavuka kijito, kisha inapanda mgongo wa pili kwa mawe matupu. Huko juu ukitazama mashariki unaiona bahari yote, na wewe mwenyewe uko taabani, huna hata pumzi ya kuisifu. Watu wa vijiji vya bondeni huipanda kila siku kwenda Kwale, wengine na mzigo kichwani, na hawahemi. Walikuwa wakinipita hivi hivi, wananisalimu vizuri, na mimi nilikuwa nawachukia kwa sababu hawahemi.

Jumatatu nikaficha mikebe. Nilificha vizuri, si utani. Chini ya mzizi, ndani ya pango la jiwe, nyuma ya gogo, nikafunika kwa majani. Jumamosi tukapeleka wageni wanane. Mgeni mmoja, bwana mkubwa mwenye tumbo, alikuwa ameshika karatasi anasoma kwa sauti kitendawili cha kwanza, kile cha jiwe lenye goti la tembo, anasoma huku anatembea, na mkebe ukamgonga paji la uso.

Ulikuwa unaning'inia kwenye tawi. Umepanguswa, unang'aa, umefungwa kwa kipande cha leso, katikati ya njia, usawa wa macho. Wa pili nao hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Wageni walicheka mpaka wakakaa chini. Hawakucheka kwa wema. Mmoja alisema mchezo huu ungemfaa mjukuu wake wa miaka miwili, na bosi alikuwepo, alisikia.

Kurudi hotelini bosi alinishukia mbele ya watu. "Wewe ni mvivu, bana. Umefika hapo ukatundika tu, ukaenda kulala. Nyinyi watu wa pwani mnapenda kulala sana."

Laiti ningekuwa na chumba kimoja cha nyumba yangu mwenyewe, au hata kibanda, ningemwambia yaliyonijaa moyoni nikaondoka zangu. Lakini nilikuwa kwenye ua wa watu. Nikasema, "Nimekosa, bosi."

Jumatatu iliyofuata nilificha kwa kisirani. Nilichimba. Nilihamisha mawe yaliyonipasua kucha. Jumamosi, mikebe sita yote inaning'inia, kila mmoja na kitambaa chake. Safari hii bosi hakutukana. Alisema tu, "Nakupa wiki moja," na mwenzangu wa feni akawa anasafisha kalamu yake, hanitazami.

Sasa, ngoja niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Nilijua. Tangu mkebe wa kwanza nilijua ni nini kile. Kwetu Mwabungo pia ndivyo ilivyo: ukikuta kitu cha mtu kimeanguka njiani, ndara, kisu, shanga za mtoto, hukipiti kikiwa chini. Unakiokota, unakipangusa, unakitundika mahali pa wazi, ili mwenyewe akirudi anakitafuta akione, na mchwa wasikile. Huo si ukarimu hata, ni mazoea tu, kama mtu kusema hodi. Ndara zangu mwenyewe nilizozipoteza utotoni nilizikuta nyingi juu ya ua wa makuti. Kwa hiyo nilijua kuna mtu mwaminifu pale kilimani, na uaminifu wake ulikuwa unanitoa kazini. Nikamchukia kabla sijamwona.

Jumatatu ile nikaficha tena, na Jumanne asubuhi nikapanda, nikajibanza nyuma ya mti karibu na lile jiwe la goti la tembo.

Alikuja mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, miguu peku, kapu la mihogo kichwani. Alipofika kwenye jiwe alisimama. Hakutafuta hata kidogo. Anapita pale kila siku, jiwe likisogezwa kidole kimoja yeye analiona. Akatua kapu, akainama, akachomoa mkebe, akaupangusa udongo kwa upindo wa leso yake. Hakuufungua. Kisha akachana kipande cha leso, ile ile aliyojifunga, akaanza kuufunga kwenye tawi.

Nikatoka kama mbwa. "Wee mama! Weka chini hicho!"

Sikumwamkia. Shikamoo haikunitoka kinywani. Mtu wa umri ule, na mimi niliyelelewa nikalelewa.

Alishtuka, halafu akanitazama, akatabasamu. "Alaa! Kumbe ni chako, mwanangu? Alhamdulillahi. Siku nyingi nakutundikia. Kila wiki waangusha. Mfuko wako umetoboka nini? Lete nikushonee."

Nikutajie hasira niliyoipata? Afadhali angenitukana.

"Sikuangusha! Nimeficha!"

"Wamficha nani? Hapa hakuna mwizi."

"Kuna wageni wanakuja kuitafuta."

"Waliipoteza wao?"

"Hawakuipoteza."

"Sasa watafuta nini?"

Ningekaa naye dakika tano kwenye lile jiwe ningemweleza, mama, ni mchezo, ni riziki yangu, nionee huruma, pita tu usiguse. Angeelewa. Angewaambia na wenzake. Lakini nilikuwa nahema, nimelowa jasho, na yeye hahemi, na ananitazama kwa huruma kama mtu aliyechanganyikiwa. Uongo ukanitoka wenyewe.

"Mikebe hii imetegwa dawa," nikamwambia. "Kila kitu unachokiona hapa chenye kaa mwekundu, kimetegwa. Ni cha wenyewe. Asiyehusika akikigusa, mkono unamvimba mpaka begani. Waambie na wenzako."

Tabasamu likamfutika. Aliuachia mkebe ukaanguka, akarudi nyuma, akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma.

"Na mie niliyekwisha kugusa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nimegusa yote, mwanangu. Mara nyingi."

"Shauri yako," nikasema.

Nikamwona anajitwisha kapu kwa mkono wa kushoto.

Basi mchezo ukashika. Lahaula, ukashika kweli! Jumamosi ile mikebe yote ilikuwa chini, mahali pake, majani juu. Wageni walitambaa kwa magoti, wakachafuka, wakapiga kelele za furaha kila walipoona kaa mwekundu. Yule mwenye tumbo alikuwa amesharudi kwao, lakini walikuja wengine, na wengine wakaleta wenzao kutoka hoteli za jirani. Bosi akaanza kuniita "mwalimu wa mlima." Mama mkwe akiniuliza kazini wamesemaje, nikawa namjibu, "Wanasema mambo yanakuja, mama." Na samaki anapita.

Njia yenyewe ilibadilika, na niliona, sikutaka tu kuona. Watu wa bondeni waliokuwa wakinisalimu walikuwa sasa wakinipisha. Wakikutana na mimi wanaingia kando, wanasubiri nipite, macho chini. Yule mama nilimwona mara mbili kwa mbali. Alibadilisha mwendo akakata kupitia mashambani. Nikasema moyoni, vizuri, na waniogope, mtu akiogopwa anafanya kazi yake kwa amani. Nilisema hivyo, na nilikuwa namaanisha.

Mwezi wa tatu bosi akaniita. Safari hii alisimama kunipa mkono. Nafasi imepitishwa, jina langu limekubaliwa. Akanipa bahasha ya kaki ya hoteli, kubwa, na kaa mwekundu pembeni.

"Lete cheti cha shule, original, na kopi zimepigwa muhuri. Friday saa sita mchana iwe mezani. Hapo nimebanwa, buda. Ukikosa naandika huyu mwingine."

Jumanne nikapanda Kwale na cheti changu cha kidato cha nne, kile kimoja tu nilichonacho duniani. Nikapigiwa mihuri kwenye ofisi za serikali, nikatia kila kitu ndani ya bahasha, na kwa kuwa nilikuwa mtu mwenye furaha na mwenye bidii, nikasema nishuke kidogo nikague mikebe ya Jumamosi. Mkebe wa tatu ulikuwa umesogezwa na panya au nini. Nilihitaji mikono miwili kuinua mzizi, nikaweka bahasha kando. Mvua ikaanza kudondoka. Nikafunika majani haraka haraka, nikakimbia.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa anakuna nazi. "Baba, kazini wamesemaje?"

"Wameniandika, mama."

Aliiacha mbuzi ya nazi akapiga kigelegele. Mke wangu alitoka chumbani mbio. Baba mkwe, mzee asiyesema, alisema, "Mashallah," mara mbili. Wakataka kuiona hiyo barua, hiyo bahasha. Nikafungua mfuko wangu mbele yao wote.

Jumatano nisingeweza kwenda. Basi zima la wageni liliingia, na kumwambia bosi kwamba nimepoteza karatasi alizoniomba juzi, ningekufa kwanza. Siku nzima nilibeba mabegi ya watu huku nikijipa moyo. Unajua nilijipa moyo kwa nini? Nilijiambia: ile ni njia ya watu waaminifu. Watakuwa wameiokota wakaitundika. Wallahi ndivyo nilivyofikiri, na nilitulia. Hata mvua iliponyesha usiku, nikasema iko juu ya tawi, imefungwa na leso, itakauka.

Alhamisi asubuhi nilishuka njia ile nikitazama juu. Kila tawi nililitazama, natafuta kitambaa. Kwenye goti la tembo hakuna. Kwenye gogo hakuna. Nilipokaribia ule mzizi nikatazama chini, na nikaona nyasi.

Nyasi za kando ya njia zilikuwa zimelala. Zimekanyagwa, zimekuwa kijia kipya chembamba, kinachoacha njia, kinazunguka kwa mbali, kinarudi kwenye njia mbele. Watu wengi walikuwa wamepita pale, miguu kwa miguu, kwenye matope. Na katikati ya mzunguko ule, mahali ambapo hakuna unyayo hata mmoja, ilikuwepo bahasha yangu.

Nilipoiinua, sehemu ya chini ilibaki ardhini. Mchwa walikuwa wamekwisha kuijengea udongo. Cheti kilikuwa kimekuwa uji upande mmoja na matundu upande wa pili. Jina la shule lilikuwepo, jina langu halikuwepo. Mhuri mmoja tu ulisomeka. Pale pale nilijua kazi imekwenda, na kweli ilikwenda, Ijumaa saa sita ilipita na nafasi akapewa mwenzangu wa feni. Mimi nilikaa ukweni miaka mitatu mingine.

Nilikuwa bado nimechutama nimeshika ule uji nilipomwona yule mama anapanda kutoka kijitoni, kapu kichwani. Nikainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waambaje?"

"Mama, bahasha hii mliiona?"

"Tangu juzi, mvua haijakaza. Tumepita wengi."

"Na hakuna aliyeiokota? Hata mmoja?"

"Ina kaa," akasema.

Nikatupa yote chini. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Hakuna dawa. Haikuwepo tangu siku ile, katika mkebe wowote. Nilikuwa na hasira tu. Hiki kilikuwa cheti changu cha shule, mama, kilikuwa kazi yangu."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hakuna dawa. Nilikaa wiki nzima sitii mkono huu katika chakula cha wanangu, nala kwa kijiko kama mgonjwa. Mwisho nikachukua kuku wawili nikaenda kwa mganga auondoe uvimbe kabla haujaja. Akaushika mkono, akaugeuza, akacheka. Akaniambia, mama, rudi nyumbani, huna kitu, aliyekwambia alikuwa na lake. Kuku alichukua lakini."

Nilihisi ile hasira yangu ya siku zote inapanda, nikaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika koo la nyoka. "Sasa mama, kama ulijua, si ungeitundika? Ungeweka tu juu ya kijiti! Kitu kidogo!"

"Wenzangu waliogopa," akasema. "Mimi sikuogopa. Nilisimama hapo ulipo wewe, nikaitazama vizuri, mvua yanidondokea. Nikasema, hii ni ya yule kijana, naye alisema vyake visiguswe."

Alisema bila kupandisha sauti, na alikuwa ananitazama usoni. Kisha akaliweka sawa kapu lake kwa mkono wa kulia, akaiacha njia, akapitia kwenye zile nyasi zilizolala, akanizunguka, akaendelea kupanda kwenda Kwale.